Mchicha Wenye Kiu

Mimi hasira zangu ziko karibu, sikatai. Siku hiyo zilikuwa puani kabisa. Nilikuwa nimewaita wanafunzi weusi wanaosomea sayansi ya mimea hapa Birmingham tufahamiane, nikapika pilau ya kulisha harusi, na waliofika walikuwa wanne. Mmoja alikuja na mama yake.

Binti mwenyewe alikuwa mwaka wa kwanza, mweusi peke yake darasani, ametulia kama maji mtungini. Mama, Mkongo wa Bukavu mwenye kitenge kipya, alinieleza bila kuzunguka kwamba amekuja kumtoa kwenye masomo hayo.

"Watoto ya Wakenya pale kanisani wanasoma unesi. Yangu anasoma majani! Na iko peke yake, hana hata mwenzake."

Jamani, nilitamani kumjibu. Badala yake nikawapeleka wote kwenye nyumba ya vioo waone mchicha wa utafiti wangu. Nusu ya vyungu nilikuwa nimevinyima maji makusudi, nione mmea upi utavumilia ukame.

Nikageuka kufunga mlango. Kugeuka tena, mama amefungua chupa yake, anamwagilia vile vyungu vya kiu kimoja kimoja, anavipa pole. Mchicha, Wakongo huuita lenga-lenga.

"Maskini lenga-lenga! Nani anakutesa hivi?"

Nilipanua mdomo nipige ukelele, lakini binti alinitangulia.

"Mama, wacha!"

Yule aliyezoea kumjibu mamake kwa Kiingereza akaanza kumweleza kwa Kiswahili cha kuokoteza, mikono ikienda huku na huku: jani linavyofunga vitundu vyake maji yasitoke, mzizi unavyochimba kutafuta unyevu. Neno likimpotea, wenzake wanamrushia, huyu la Kiswahili, yule la Kifaransa. Mama akiuliza, wanajibu wote kwa pamoja. Aki, nilicheka mpaka machozi.

"Kumbe unajua hivi," mama akasema taratibu. Akala pilau sahani mbili, na habari ya unesi hakuitaja tena.

Mkutano uliofuata nilipika kidogo, nikidhani nimejifunza. Thubutu! Mama aliingia na binti yake, na nyuma yao wasichana wawili wa kanisani, bado wako sekondari.

"Hawa nao wanapenda majani," akaniambia. "Wasikae peke yao."