Siku Shangazi Mwanaidi Aliposhuka Kisimani

Sisi wanawake tuliokulia Issuna kabla ya mabomba tunatambuana hata tukikutana mjini tumevaa viatu vya kisigino. Tunatambuana kwa shingo. Aliyebeba ndoo kichwani tangu utotoni hapindishi shingo ovyo. Ukimwita kwa nyuma, anageuka mwili mzima. Watoto wangu wananicheka kwa hilo. Wao maji yakikatika asubuhi moja tu wanajitupa kwenye kochi na kulalamika kwenye simu kana kwamba wamefiwa.

Utoto wetu ulikuwa wa vumbi na upepo. Kiangazi kilipoingia, upepo wa Singida ulianza kuvuma kabla jua halijachomoza, ukaingia kwenye matundu ya nyumba zetu za tembe na kutuamsha kabla ya wazazi. Tulikwenda shule na fagio mkono mmoja, kidumu cha maji mkono mwingine. Tulicheza rede kwa mpira wa matambara, tukakimbizana juu ya yale mawe makubwa yaliyolala kama ng'ombe waliochoka, tukarudi nyumbani tumepauka miguu hadi magotini. Jioni ilikuwa ugali wa uwele na mlenda, na siku njema maziwa ya mgando, yale ya kukatika vipande ukiyamimina kutoka kwenye kibuyu.

Darasani kulikuwa na picha ukutani. Baba amekaa kwenye kiti anasoma gazeti, mama anapika, dada anafagia, kaka anapiga mpira. Mwalimu aliishika fimbo yake akaelekeza, nasi tukaitikia kwa sauti moja: baba anasoma gazeti. Hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kumwona baba yake na gazeti, isipokuwa kipande cha kusokotea tumbaku. Lakini tuliitikia, na tuliamini.

Nyumbani nako masomo yaliendelea. Msichana asipige mluzi. Asipande juu ya paa. Asikae kwenye kigoda cha baba. Na kubwa kuliko yote, mwanamke asishuke kisimani. Ilisemwa kwamba akishuka, maji yatajificha na hayatarudi. Sisi ndio tuliochota, sisi ndio tuliofagia njia ya kisima na kuosha ndoo, lakini kule chini maji yanakotoka palikuwa pa wanaume. Sikuwahi kujiuliza kwa nini. Mtoto haulizi kwa nini jua linatokea upande ule.

Aliyekuwa anauliza ni Shangazi Mwanaidi, mdogo wake baba. Aliolewa Mtinko, akakaa huko miaka, kisha siku moja tukamwona anarudi nyumbani na sanduku lake la bati kichwani. Sisi watoto hatukuelezwa chochote, lakini watu wazima husahau kwamba watoto wana masikio. Hakupata mtoto, basi wakamrudisha. Kijijini walimwita yule aliyerudi, hata alipokuwa amekaa nasi muda mrefu mno kuitwa hivyo.

Watu wakisimulia habari za wanawake kama yeye huwafanya wakali. Shangazi hakuwa mkali. Alikuwa na sauti ya chini na alicheka polepole. Ila alipenda kujua. Mzee Shabani, aliyechimba visima vyote vya upande wetu, alipokuwa kazini, Shangazi alikwenda kusaidia kuvuta ndoo za udongo, na kila ndoo aliyoivuta aliiambatanisha na swali. Kwa nini unaanzia pale? Utajuaje kwamba ukuta umechoka? Mzee Shabani alimjibu kwa sababu hakuna mtu mwingine aliyewahi kumuuliza.

Kisha ukaja mwaka ambao mvua zilikatika mapema. Mtama ulikauka ungali na maua. Wanaume wenye nguvu waliswaga ng'ombe kwenda kutafuta malisho mbali, kijiji kikabaki cha wanawake, watoto na wazee. Baba yangu alibaki kwa sababu alikuwa balozi wa nyumba kumi na shughuli za mikutano zilimshika. Kisima chetu kilishuka, kikashuka, mwisho ndoo ikawa inarudi na tope. Kilihitaji kuchimbuliwa, na Mzee Shabani kifua kilikuwa kimeshamwangusha. Akitembea hadi mlangoni ilibidi akae.

Tukaanza kwenda kwenye dimbwi lililokuwa ng'ambo ya vilima. Tuliondoka kungali na baridi, tukarudi jua limekuwa kali, na maji yenyewe tuliyagombania na nyuki. Mama alikuwa mjamzito, tumbo limeshashuka. Asubuhi moja alianguka njiani mbele yangu. Ndoo ilipasuka. Alikaa chini mavumbini, akaushika ubavu wake. Shangazi alimwinua, akamwegemeza hadi nyumbani. Niliona jinsi alivyokuwa akiitazama njia.

Jioni ile tulipokuwa tunakula, alimgeukia baba.

"Kaka, maji yapo kwenye kile kisima. Kinataka kuchimbuliwa tu."

"Tutasubiri vijana warudi na ng'ombe," baba akasema.

"Wifi hawezi kusubiri."

"Sasa nani atashuka? Mzee Shabani?"

"Mimi."

Baba alilirudisha tonge kwenye sahani. Hakupaza sauti. "Mwanaidi, watu wameshasema mengi juu yako. Usiwaongezee."

"Acha waseme. Watasema huku wana maji."

Baba akanawa mikono, akatoka nje. Kesho yake aliondoka mapema na baiskeli kwenda Ikungi kwenye mkutano. Sijui mpaka leo kama aliondoka kwa sababu ya mkutano au kwa sababu alijua.

Shangazi alikwenda kwanza kwa Mzee Shabani. Nilikuwa nimemshika kanga. Alipiga magoti, akamwamkia, kisha akamwomba kamba na sururu. Mzee alimwonyesha kwa kidole vilipo, nyuma ya mlango.

"Mimi sijakutuma," alisema.

"Hujanituma, baba."

"Ukifika chini usichimbe katikati. Anzia upande wa kilima. Na ukisikia ukuta unadondosha changarawe, acha kila kitu, ujibanze." Kisha akaomba tumshike mkono, akaja nasi, akakaa kwenye jiwe karibu na mdomo wa kisima.

Wanawake walikuja mmoja mmoja, wengine na ndoo kana kwamba wanapita tu. Walichoshangaa kwanza si kisima, ni suruali. Shangazi alikuwa amevaa suruali ya marehemu babu, ameifunga kiunoni kwa kipande cha katani. Kuna mama aliyefunika macho. Mwingine alicheka hadi akakaa chini. Shangazi alijifunga kamba, akaipitisha juu ya gogo lililolazwa mdomoni mwa kisima, akawapa. "Shikeni," alisema, na wakashika. Mama yangu, aliyeambiwa alale, alikuwa wa kwanza. Sisi wasichana tulipewa mkia wa kamba, na mama wengine wakashika kamba ya kuchotea, yenye ndoo.

Akakanyaga vishimo vya miguu vilivyochongwa ukutani, akaanza kushuka. Kichwa kikazama. Nilisubiri kitu kitokee, ardhi itikisike au mbingu zipige kelele. Hakikutokea kitu. Tulisikia tu sururu ikigonga, na baada ya muda sauti ikapanda kutoka chini ya ardhi, nzito kuliko sauti yake ya kawaida: "Vuteni."

Tukavuta. Ndoo ya tope ikatoka. Nyingine ikafuata. Sijui niwaeleze vipi, wenzangu, hali ya mtoto wa kike kusikia sauti ya mwanamke ikitoka mahali ambapo ameambiwa maisha yake yote kwamba hapafikiki. Mwili ulinisisimka. Wale mama wazima, waliokuwa wakiomba ruhusa hata ya kwenda mnadani, walikuwa wakivuta kwa mpigo mmoja kwa amri ya mtu wasiyemwona. Hakuna aliyekuwa akicheka tena.

Kisha tukasikia kishindo kama gunia linaloangushwa. Vumbi likapanda. Kamba ikalegea mikononi mwetu.

"Mwanaidi," Mzee Shabani akaita. Kimya. Akainama juu ya kisima, mkono kifuani. "Mwanaidi."

Mama mmoja alianza kulia, mwingine akatimua mbio kuelekea barabarani kutafuta mwanaume yeyote. Mimi niliishika kamba yangu. Niliona kwamba nikiiachia, atakuwa amekufa.

Kikohozi kikapanda kutoka chini. "Nipo. Msivute. Mguu umebanwa."

"Una nafasi ya kuinama?" Mzee akauliza.

"Ninayo."

"Basi toa udongo kwa mikono. Polepole. Usiguse ule ukuta uliodondoka."

Tulisimama pale tukisikiliza mtu akijifukua. Ndipo baba akafika. Yule mama aliyekimbilia barabarani alikutana naye akirudi, naye akaja na baiskeli kwa mwendo ambao sikuwahi kumwona nao. Aliiangusha njiani, gurudumu likaendelea kuzunguka. Uso wake ulikuwa umebadilika rangi. Nilijua anakuja kufoka, na nikajiandaa kufokewa.

Alipofika, hakupata pa kusimama. Wanawake walikuwa wamepanga mstari na hakuna aliyesogea. Aliwatazama, akamtazama mama na tumbo lake, mikono imeshika kamba.

"Mwanaidi," aliita.

Sauti ikaja kutoka chini, imechoka lakini imetulia. "Kaka, kama umekuja kugomba, ningoje nipande. Kama umekuja kuvuta, kaa nyuma ya mtoto."

Baba yangu, balozi wa nyumba kumi, akatembea hadi mwisho wa mstari. Akasimama nyuma yangu. Nikasikia pumzi yake juu ya kichwa changu, na mikono yake ikaishika kamba karibu na yangu. Niliogopa hata kugeuka, nisije nikaiharibu ile picha.

Mguu ulitoka. Tukadhani atasema tumvute. Badala yake akasema, "Leteni ndoo nyingine. Maji yanakuja." Aliendelea kuchimba mpaka akaridhika. Alipotoka alikuwa tope tupu, meno na macho tu ndiyo yalionekana, na damu ilikuwa ikimchuruzika kwenye kifundo cha mguu. Aliomba maji ya kunywa. Yote tuliyokuwa nayo yalikuwa tope lile aliloturushia, na hapo ndipo vicheko vilipotutoka, vya woga uliokuwa unatuishia. Kesho yake maji yalikuwa yametulia, meupe, yamefika magotini kwa mtu mzima. Hayakujificha.

Mdogo wangu alizaliwa baada ya siku chache, akaogeshwa kwa maji yale.

Wanaume waliporudi na ng'ombe, mmoja wao, jirani yetu, aliapa kwamba hatakunywa maji ya kisima kilichoingiwa na mwanamke. Akamwamuru mkewe aendelee kwenda dimbwini. Mkewe alikubali kwa adabu. Kila asubuhi alitembea na ndoo yake hadi kwenye kona, akakaa kivulini akasuka ukili wake, kisha akarudi kupitia kisimani kwetu. Yule bwana alikunywa kiangazi chote akisifia utamu wa maji ya dimbwini. Hakuna aliyemwambia, na amekufa bila kujua.

Mzee Shabani alianza kumwita Shangazi kazini waziwazi. Yeye alikaa juu na kuelekeza, Shangazi alishuka. Walichimba visima katika vijiji vingi vya Ikungi, na polepole lile jina la aliyerudi likafutika midomoni mwa watu. Wakamwita fundi. Baba hakumsifu hata siku moja; wanaume wa rika lake hawakuwa na maneno hayo. Lakini kuna siku alichinjwa kuku. Mtakumbuka kwamba firigisi ilikuwa ya baba, mwanamke aliyeila alihesabiwa hana adabu. Baba aliichukua kutoka kwenye bakuli lake, akaiweka kwenye sahani ya dada yake, akaendelea kula akiangalia pembeni. Shangazi akaikata, akanipa nusu. Nilishangaa jinsi ilivyo ngumu. Nikajiuliza kama hiki ndicho tulichokuwa tunafichwa.

Mwaka huu nilikwenda Issuna kumjulia hali. Ni mzee sasa, anatembelea fimbo, na masikio yamepungua. Bomba liko uani, linaendeshwa na jua. Wajukuu wa ukoo, watoto wa ndugu zangu, walikuwa wamekaa karibu yake na simu, wanamsikiliza kwenye video kijana mmoja mtanashati, mwenye kipaza sauti mbele yake na saa kubwa mkononi, anayefundisha namna mwanamke wa kweli anavyotakiwa kuwa. Alisema mambo mengi ambayo mwanamke hakuumbwa kuyafanya. Wajukuu, wa kike kwa wa kiume, walikuwa wakitikisa vichwa kukubali.

"Anasema nini huyo?" Shangazi akauliza.

Wakampazia sauti, wakamweleza. Alisikiliza hadi mwisho, kama alivyokuwa akimsikiliza Mzee Shabani.

"Amewahi kuishi na mwanamke?" akauliza.

Walitazamana. Hakuna aliyejua.

"Basi mwacheni, bado mdogo," alisema, akarudi kuchambua mboga zake.

Sitamani kurudi kwenye ndoo na njia ya vilima, na atakayewaambia anatamani ana lake jambo. Nafurahi kwamba wajukuu wale wanafungua bomba bila kufikiri. Siku hizi wasichana wana maneno ambayo sisi hatukuwa nayo. Wanasema haki, wanasema usawa, wanayasema kwenye semina na kwenye simu, na ni maneno mazuri. Sisi hatukuwa na neno hata moja. Tulikuwa na kamba mikononi, na mtu wetu chini, na hatukuiachia. Wakati mwingine nikiwasikiliza wanavyobishana mitandaoni kuhusu mwanamke anaweza nini, nawaonea huruma kidogo kwamba hawakuwepo.