Aliyepigiwa Makofi kwa Kutubu

Saa kumi jioni, Josephine Nyamvula anachovya kiazi kilichochemshwa kwenye bakuli la unga wa manjano, anakitumbukiza karaini na kurudisha mkono haraka. Kando ya barabara ya Magongo, wafanyakazi waliotoka zamu wameanza kusimama. Wanataka viazi karai vya moto, na kila mmoja anadai aongezewe ukwaju.

Nyamvula ana miaka arobaini na mbili na watoto watatu. Mikono yake ina makovu ya mafuta mpaka kwenye viwiko. Siku hizi, kabla ya kumfungia mteja viazi, humwambia jambo moja. Sauti yake ni ndogo, na wengine humtaka arudie.

"Yale niliyosema kuhusu mafuta ya Pascalia yalikuwa uongo wangu," anasema.

Pascalia alikuwa jirani yake wa biashara. Alitoka Machakos, akaweka karai lake hapa hapa, akawa anauza bhajia. Bhajia zake zilikuwa hazilainiki hata zikipoa. Foleni ikahama.

Nyamvula alijua sababu. Pascalia alikuwa akichanganya unga wa mchele kidogo na ule wa dengu, na aliwahi kumweleza mwenyewe. Lakini mteja mmoja alipouliza kwa nini bhajia za mwenzake hazilainiki, Nyamvula alijibu kwamba huenda zinakaangwa kwa mafuta ya transfoma, yale yanayoibwa kwenye mitambo ya umeme.

"Nilisema huenda," anakumbuka. "Sikuapa. Nilisema huenda, kisha nikageuza viazi vyangu."

Hakuna aliyemuuliza Pascalia. Watu walimpita tu. Mwishowe alibeba karai lake akahamia Port Reitz.

Katika kanisa dogo analosali Nyamvula, Jumapili ya kabla ya Meza ya Bwana waumini husimama mmoja mmoja na kuyaweka mambo yao nuruni. Husema walichokosea, kisha wenzao huwaimbia na kuwakumbatia. Nyamvula, ambaye kwa kawaida huketi nyuma, alisimama. Alisema amemsengenya mwenzake. Hakutaja jina, wala mafuta.

Makofi yalipigwa. Mke wa mchungaji alimshika mkono na kuwaambia akina mama kwamba huo ndio unyenyekevu.

"Nilirudi nyumbani nimejaa furaha," anasema. "Mwezi uliofuata nikatamani kusimama tena. Nikaanza kutafuta dhambi ya kusema. Siku moja nilitubu hasira ambayo hata sikuwa nayo."

Alianza kualikwa kwenye mikutano ya akina mama ili atoe ushuhuda. Aliposhuka jukwaani alisikia wakinong'ona kwamba mama yule ni mnyenyekevu kweli. Alipenda kuwasikia. Hapo ndipo akili yake ilipoanza kuvurugika.

"Nikitubu kiburi hicho cha kupenda sifa mbele yao, watanipigia makofi tena," anasema huku akitoa viazi kwenye mafuta. "Nikinyamaza, ninakificha. Sasa nifanye lipi? Nimeomba mpaka nimechoka kuomba."

Na kule nje ya kanisa, hakuna kilichokuwa kimebadilika. Wateja wa Magongo bado walikuwa wakitaniana kuhusu bhajia za transfoma.

Alifunga safari hadi Port Reitz. Alimkuta Pascalia akikaanga, wateja wamemzunguka. Alikuwa amejiandaa kupiga magoti pale pale na kusema yote mbele ya watu. Pascalia alipomwona alimvuta kando.

Nyamvula anasimulia kwamba mwenzake hakumfokea. Alimwambia alikwisha kumsamehe siku nyingi, kisha akamshika mkono asiinue sauti.

"Hawa watu wa hapa hawajasikia habari ya mafuta," Pascalia alimwambia. "Ukitubu mbele yao, wewe ndiye utakayewaambia. Waliosikia wako kule kwako Magongo, dada, hawako kanisani wala hapa."

Nyamvula alirudi amechanganyikiwa zaidi. Alikuwa amekwenda kujishusha, kumbe nusura amharibie mwenzake mara ya pili.

Tangu hapo amekataa mialiko ya ushuhuda. Mke wa mchungaji alimuuliza kama amepoa kiroho. Kanisani ameanza kukaa nyuma tena, ingawa hana hakika kama huo ni unyenyekevu au ni aibu tu.

Hassan, dereva wa bodaboda, anafika na kuagiza viazi. Nyamvula anamwambia maneno yale. Hassan anacheka, kisha anaacha kucheka.

"Mimi si mtu wa kanisa lenu, mama," anasema. "Lakini wallahi, habari hiyo nimewapa abiria mpaka Mikindani. Sasa nikawatafute wapi?"

Nyamvula anamfungia viazi na kumpa. Hassan anainama na kuyatazama mafuta yanayochemka.

"Na haya yako ni mafuta gani?"

Nyamvula anamwonyesha dumu alilonunua dukani. Hassan analitazama, anamtazama na yeye, halafu anarudisha mfuko wa viazi mezani taratibu. Anasema atapita kesho. Mwanamume aliyekuwa nyuma yake anaondoka naye.

Nyamvula anavifunika viazi kwa gazeti ili visipoe. Anasema ataendelea kumwambia kila mteja, mpaka uvumi ule wa mafuta usisikike tena Magongo, kisha atarudi Port Reitz kumwomba Pascalia ahamie tena huku.

"Nataka nimwone hapa, foleni imejaa kwake, mimi nimekaa na karai langu sina mtu," anasema. "Kama siku hiyo nitaweza kumchekea, nitajua nimetubu. Naiogopa siku hiyo. Lakini naitaka."