Kwa Nini Semliki Ilimrudisha

Niliondoka Butembo kwa sababu shule moja ya masista huko Beni ilibaki bila mwalimu wa fizikia. Wa kwao alikuwa amekimbia vita, na mtihani wa taifa ulikaribia. Mke wangu na watoto nao walikuwa Uganda tangu waasi waingie mjini. Sikuwa na mtu wa kuaga. Nilifunga mlango, nikapanda lori la vitunguu.

Njiani, toka Maboya hadi Kabasha, tulishushwa kwenye vizuizi. Askari walipekua mifuko, tukapanda tena.

Beni, asubuhi, nilimwomba mzee Hamisi, mchuuzi wa samaki aliyetoka Kasindi, kipande cha barafu yake. Darasani nilikitia katika beseni la maji. Wanafunzi waliodhani kingezama kama jiwe wakacheka: kilielea, sehemu ndogo tu ikichungulia juu.

"Maji yakiganda hutanuka," niliwaeleza. "Uzito ni uleule, ila yanachukua nafasi kubwa zaidi. Na kila kitu majini husukumwa juu kwa nguvu sawa na uzito wa maji kiliyoyahamisha. Ukiizamisha barafu yote, inahamisha maji mazito kuliko yenyewe. Ndiyo maana hurudi juu."

Kavira, msichana wa benchi la nyuma, hakucheka. Wenzake walipotoka, alibaki.

"Prof, na mutu? Papa yangu alizama mu muto Semliki wakati tulikuwa tunakimbia. Kiisha siku kidogo akapanda juu. Sababu ya nini?"

"Nani anakusumbua na hiyo?"

"Baba mukubwa. Anasema maji ilimukatala, sababu mama alimuroga. Balimuzika kulekule ku mutoni, hata musalaba hapana."

Jioni nilikwenda naye kwao, Mulekera. Mama yake alikaa mlangoni, hakuinua macho. Baba mkubwa, Mumbere, alinipa kiti. Nikasema polepole: mtu akifa maji, huzama. Baadaye mwili huanza kuoza, hewa huzaliwa ndani, tumbo huvimba. Uzito hauongezeki, lakini nafasi anayochukua huwa kubwa. Maji humwinua.

"Ni vile kwa kila mutu," nikamaliza. "Hata padri. Hata mutoto mudogo."

"Basi, hata mimi?" akauliza Mumbere.

"Hata wewe, papa."

Alisimama. Kisha akamgeukia mjane.

"Mama Kavira, mbao iko kule nyuma. Kesho nitapasula musalaba."

Mama akajifunika kitenge usoni, akalia kwa sauti. Kavira akamkumbatia. Mimi nikaondoka bila kuaga.

Siku ya kurudi Butembo, baada ya mtihani, Kavira alinifikia kwenye malori na ndizi zilizopikwa, zimefungwa majanini. Mama yake ndiye aliyezituma.

Miaka yote nilifundisha kuelea kwa mifano ya mbao na mawe. Beni ilinionyesha kwamba swali la fizikia laweza kukaa ndani ya nyumba ya watu, likawatenga walio hai na maiti wao. Nililijua jibu muda wote. Hakuna aliyewahi kuniuliza, nami sikuwahi kwenda kulisema.

Lori lilipoanza kupanda milima, nilifungua majani. Ndizi zilikuwa bado za moto, zinatosha watu wawili. Nikala peke yangu juu ya magunia.