Bibi Aliyefutwa Kwenye Daftari la Mchele

Nilimfanya mama yangu kuwa mkubwa kuliko bibi aliyemzaa. Nilifanya hivyo kwa kalamu, tena kwa mwandiko mzuri, wakati wa vita vya pili, mchele uliokuja kwa meli kutoka Bama ulipokatika na kila nyumba ya Mji wa Kale ikatakiwa kujaza fomu ili ipate kadi ya mgao.

Msomi wa nyumba nilikuwa mimi. Nilifika sekondari, kisha nikarudi kukaa ndani. Kwangu mimi kwenda Makupa, humu humu mjini, ilikuwa safari ya kuagana na watu. Bibi aliniambia kazaliwa mwaka wa njaa. Skuli nilisomeshwa njaa moja tu, ile ya siku za kujengwa reli, basi nikaandika hiyo bila kumuuliza zaidi. Kumbe njaa alizozijua yeye zilikuwa nyingi kuliko vitabu vyangu.

Karani wa mgao akaona binti kamzidi mamake miaka mitatu, akadhani twaandikisha wafu tule mchele wao. Akalikata jina la bibi.

Sembe ya njano, iliyoletwa kujazia mchele, tumbo lake halikuipokea, na kila tulipomsogezea wali wetu aliurudisha. "Kuleni nyinyi mlio hai," alisema. "Mimi nimefutwa."

Siku ya nne uso ulikuwa umemsinyaa. Nikamshika mkono tukaenda ofisini.

"Reli ilipokuja, bibi, ulikuwa na miaka mingapi?" karani aliuliza.

"Miaka siijui. Nilikuwa nimembeba mama yake huyu mbelekoni. Gari la moshi lilipiga firimbi, mtoto akalia, nami nikakimbia."

"Na vita vya Mjarumani?"

"Mume wangu alichukuliwa karia, kubebea jeshi mizigo. Walisema atarudi mvua zikisha." Akalitengeneza buibui lake. "Andika hilo, mwanangu. Hilo silikosei."

Karani akachukua kadi mpya, na penye umri akaandika: mzee.

Mchana ule bibi alikula wali, akalala pale pale mkekani. Mimi nikatoka barazani kumsimulia jirani yetu, mama mmoja mshona kofia, jinsi nilivyompigania bibi yangu. Hakuinua macho kwenye sindano.

"Wewe hutoki nyumbani, miaka yote wakaa naye, na umri wa bibi yako kaujua karani kwa robo saa. Humo ndani kazi yako ni nini?"