Pancake za Valentine bila ngano, na siku niliyojua nani alikuwa anamuumiza binti yangu

Wakuu, hamjambo humu ndani.

Mimi ni msomaji wa siku nyingi, mwandishi wa mara chache. Nimeona tangu juzi watu wanabishana hapa kuhusu Valentine, wengine mnasema ni upuzi tu wa kuuza maua. Sitabishana na mtu. Nitawasimulia ya kwangu jinsi ilivyokuwa, bila kuongeza chumvi, na pale nilipokosea nitasema nimekosea. Na nilikosea vibaya.

Ni stori ya Kisumu, miaka ya tisini mwanzoni. Nilikuwa storekeeper, mke wangu mwalimu wa primary, watoto wawili. Achieng alikuwa na miaka minane, mdogo wake Odhiambo mitano. Tulikuwa tunakaa nyumba ya kupanga, si mbali na soko la Kibuye.

Sasa huyu Achieng alikuwa mgonjwa kwa muda mrefu. Tumbo limefura, miguu kama vijiti, kila mara anaharisha. Tulimpa dawa ya minyoo mpaka tukachoka. Majirani walisema kila kitu unachoweza kufikiria, mengine hata siwezi kuyaandika hapa.

Mwishowe tulimpeleka Nairobi, na daktari mmoja mzee akatuambia mtoto hapatani na ngano. Neno gluten nililisikia mara ya kwanza siku hiyo. Dawa yake hakuna. Ni kuacha ngano kabisa. Mkate, chapati, mandazi, yote. Akasema hata kidogo tu kinaharibu, na tukizembea mwili utashindwa kukua.

Nikarudi Kisumu na hiyo habari, watu wakacheka. Mtu mweusi anaumwa na chapati? Wakaniambia huo ni ugonjwa wa wazungu, nimeokota Nairobi.

Na ninyi mnajua kwetu chapati ni nini. Mgeni akija, chapati. Krismasi, chapati. Mtoto wa watu akikaa kwenye sherehe bila chapati anaonekana kama ameadhibiwa. Achieng alikuwa anakula muhogo wake wa kuchemsha kwa sahani yake, pembeni, huku sisi tunakula vitu vyetu.

Krismasi tulienda kwa mama yangu, karibu na Katito. Watoto walikuwa wanamwita Dani, yaani nyanya. Dani hakuamini mambo ya daktari. Alimuita Achieng jikoni akampa kipande cha chapati kwa siri. Mtoto aliumwa siku tano, hadi macho yakazama.

Mke wangu hakupiga kelele. Alifunga mizigo, na njiani akaniambia huyu mtoto hatakanyaga tena kwa mama yako.

Ajabu ni kwamba hata baada ya kurudi Kisumu Achieng hakupona sawasawa. Wiki hii yuko poa, wiki ijayo tumbo limerudi. Zaidi ni Jumapili na Jumatatu. Mke wangu alikuwa anachunguza kila kitu, hadi mfuko wa shule. Akakata shauri kwamba ile chapati ya Krismasi ndiyo ilimharibu kabisa tumbo. Na mimi, wakuu, nilikubali. Nilimlaumu mama yangu mzazi moyoni mwangu kwa wiki sita au saba.

Basi Februari ikafika. Shuleni kwao Achieng kulikuwa na watoto wa watu wenye pesa, wanaongea mambo ya Valentine, eti kwao siku hiyo wanakula breakfast ya keki na vitu vyekundu. Jioni moja akaja nilipokuwa napiga viatu rangi, akasimama hapo.

"Baba, mimi sitaki keki. Nataka siku moja tu tule kitu kimoja sisi wote."

Hiyo ilinikata maini, sitawadanganya.

Nikaamua. Valentine mwaka huo ilikuwa Jumapili. Nikamwambia mke wangu asubuhi hiyo nitapika mimi, na hakuna ngano itakayoingia kwa hiyo nyumba. Alinitazama tu, kwa sababu mpaka hapo mimi nilikuwa najua kupika chai peke yake.

Nilijipanga kama naoa tena. Nilienda kwa fundi wa jua kali pale Kibuye anikunjie bati iwe umbo la moyo, nimwage uji wa pancake ndani. Fundi akauliza ni spare ya nini. Nikasema ni ya mapenzi. Aliwaita mafundi wenzake waje wanione. Nilichekwa pale mpaka nikasahau kuchukua chenji.

Halafu Alhamisi, bila kualikwa, Dani akatokea.

Alikuja na kikapu cha mtama na muhogo mkavu, na kimfuko cha mahindi. Mke wangu alimsalimia kwa heshima zote, akamwekea chai, lakini baridi ya hiyo salamu hata mimi niliisikia. Dani alikaa, akamtazama Achieng kwa muda mrefu, akauliza anakula nini siku hizi. Nikamweleza kwamba tangu turudi kutoka Krismasi, kila Jumamosi asubuhi napeleka mtama na muhogo posho mill, kwa mashine ya kusaga, anapikiwa uji na ugali wa huo unga.

Kumbe alikuwa anasikiliza kuliko nilivyodhani.

Jumamosi nilikuwa na kazi mpaka mchana, halafu niende Dunga, kule ziwani, kutafuta samaki. Dani akasema yeye ataenda kusaga. Mke wangu akanikonyeza kwamba hapana. Lakini nikaona ni kusaga tu, atakosea wapi? Nikamwachia.

Dunga nilijiona mjanja sana. Wale akina mama wa kukaanga huwa wanampaka samaki unga wa ngano kidogo asishike kwa karai. Watu wengi hawajui hiyo. Mimi nilijua, kwa hivyo nikanunua ngege wabichi, yaani tilapia, nikaja nao nyumbani. Nilitembea kifua mbele. Nikajiambia hakuna mahali ngano inaweza kunipita.

Nikafika nyumbani Dani bado hajarudi. Kusaga ni kitu cha saa moja. Alirudi karibu saa kumi, amechoka, unga kichwani, na kale kamfuko kake ka mahindi hakapo. Sikuuliza. Mke wangu aliona pia.

Jumapili asubuhi nikawasha jiko mapema. Unga wa mtama na muhogo, mayai, maziwa, ndizi mbivu nimeponda. Wakuu, unga bila ngano haushikani. Pancake ya kwanza ilivunjika vipande vipande. Ya pili ikaungua nje, ndani uji. Ya tatu ikashika kwa bati ikakataa kutoka. Mke wangu alikuwa mlangoni amejifunika mdomo na leso. Dani ndiye aliniokoa. Aliniambia niongeze muhogo, nipunguze moto, na nisiiguse mpaka juu ipate vitundu.

Ya nne ikatoka moyo. Moyo kabisa, na ncha yake. Nilipiga makofi peke yangu.

Meza ilikuwa hivi: pancake za moyo, ngege wa kukaangwa mkavu, nyanya zimekatwa na tikiti maji ndio vitu vyekundu, na chai ya maziwa. Achieng alizunguka meza akihesabu sahani. Tano. Zote zina kitu kimoja. Hiyo sura yake bado ninayo.

Mke wangu akaomba. Amina. Achieng akachukua pancake.

Hapo mke wangu akamuuliza Dani, taratibu tu, kwamba jana alikawia sana, foleni ilikuwa ndefu?

Dani akasema foleni haikuwepo. Mbele yake kulikuwa na mtu mmoja tu, yule mama anayepika chapati za kuuza, anasaga ngano yake.

Mkono wa mke wangu ulipita juu ya meza kabla sijaelewa. Alivuta sahani ya Achieng, akaichukua ile pancake kutoka mkononi mwake. Mtoto hakulia. Alikaa tu anatazama mahali sahani ilikuwa. Heri angelia.

Mliowahi kwenda posho mill mnajua. Unga wako wa kwanza hutoka umebeba wa aliyekutangulia. Ukisaga mtama nyuma ya mahindi unaona weupe ndani. Hakuna mtu hujali. Unachukua kidogo cha mwenzako, na wa nyuma anachukua kidogo chako, maisha yanaendelea.

Mke wangu akasema kwa sauti ya chini, "Mama, mara ya pili?"

Dani akaweka kikombe chini.

"Nyar Alego," akamwita kwa jina la kwao, "mimi mtoto huyu nilimuona kwa macho yangu Krismasi. Unadhani nililala tangu siku hiyo? Nilisaga mahindi yangu kwanza."

Akaeleza pole pole. Alipoona unga wa ngano umebaki kwa mdomo wa mashine, alikumbuka daktari alisema hata kidogo. Akamwambia kijana wa mashine azime, afungue, wafagie ndani. Kijana akakataa. Dani akaketi pale mlangoni kwa saa nyingi akimsumbua, wateja wengine wakimcheka, mpaka kijana akachoka akafungua. Wakafagia. Halafu akamwaga mahindi yake yote aliyokuja nayo, yapite yabebe kilichobaki. Huo unga wa mahindi akawagawia watu waliokuwa wakimcheka. Ndipo akasaga mtama na muhogo wa Achieng.

Na mimi, wakuu, nilianza kuhesabu Jumamosi. Kwa sababu yule mama wa chapati nilimjua vizuri. Analetewa ngano kutoka upande wa Eldoret na anaisaga kila Jumamosi asubuhi. Nilikuwa nasimama nyuma yake kila wiki. Tulikuwa tunapiga stori. Hata mara moja nilimsaidia kubeba debe lake.

Kila Jumamosi. Na mtoto anaumwa Jumapili na Jumatatu.

Nikamtazama mama yangu. Alikuwa anaangalia kikombe chake. Nikajua anajua. Yule kijana wa mashine lazima alimwambia kwamba mwanawe husaga hapo kila wiki nyuma ya huyo huyo mama. Alijua tangu jana, na alikuwa tayari kubeba hiyo lawama mbele ya mke wangu kuliko aniaibishe kwa meza yangu.

Ningeweza kunyamaza. Nakiri hilo wazo lilipita.

Nikasema, "Ni mimi. Si chapati ya Krismasi. Ni mimi nimekuwa nikimletea ngano kila wiki."

Mke wangu alirudisha sahani mbele ya Achieng. Halafu akachukua pancake iliyokuwa kwa sahani yake, ile nzuri kuliko zote, akaiweka kwa sahani ya Dani. Machozi yalikuwa yanamtoka. Akasema, "Mama, nisamehe."

Dani akasema, "Kuleni. Chai inapoa."

Tukala. Sisi wote, kitu kimoja. Sijawahi kusikia mwili umelegea namna ile, kama mtu ametua gunia alilobeba kutoka mbali. Odhiambo alikula mioyo mitano.

Kuanzia hapo tukaacha hiyo mashine. Dani alituletea kinu cha kutwanga, tukawa tunatwanga wenyewe. Kufika Aprili tumbo la Achieng lilikuwa limeshuka, na mwaka huo alirefuka mpaka sare ya shule ikambana.

Leo ni mtu mzima na nyumba yake. Dani alishatuacha. Ile bati ya moyo Achieng aliichukua alipoolewa, imeota kutu, na kila Valentine anaiosha.

Nilichojifunza? Kwamba nilikagua samaki, nikamkagua mama yangu, tukakagua hadi mfuko wa mtoto, sikujikagua mimi. Na kwamba yule tuliyesema haamini ndiye alitoa mahindi yake kuosha mashine.

Haya, wakuu, uwanja ni wenu. Nani hapa aliwahi kumlaumu mtu wake, kumbe mkosaji ni yeye? Na kama huyo mtu bado yuko hai, usiandike hapa kwanza. Mpigie.