Sauti ya Abiba na Feni ya Ghala la Ubani

Watu wa mtaa wa Bulla Pesa wanaijua sauti ya Abiba Jillo kuliko sura yake. Harusini huketi nyuma ya wanawake wenzake akaimba, na waliokaa nje chini ya turubai humsikia. Siku za kazi huwa katika ghala la ubani, upande wa Burat, akichambua vipande ambavyo wafugaji huleta kwa magunia: vyeupe huku, vyekundu kule, magome kando.

Kabla ya kuchambuliwa, ubani huchekechwa, na hapo ndipo vumbi hutoka. Ukutani kuna feni kubwa, yenye mngurumo, ya kulivuta nje. Hashi, mwenye ghala, alipoona bili ya stima aliizima. Muda si mrefu Abiba alikuwa akizungumza kama mlango usiotiwa mafuta, na harusi ya mpwa wake ilikuwa imebaki wiki mbili.

"Mzee Hashi, washa feni," Abiba alimwambia.

"Siku nzima, Mama Roba? Inakula stima kuliko nyumba yangu yote."

"Basi njoo ukae na sisi."

Akaja, akapiga chafya hadi kofia ikaanguka. Bado hakukubali. Aliuliza tu kwa nini vumbi halikomi: mmoja akimaliza kuchekecha, mwingine anaanza, mpaka jioni.

Wanawake waliijua sababu. Kila mmoja huchekecha gunia lake mwenyewe, kwa wakati wake, kwa sababu vipande vikubwa vyeupe vina tabia ya kuhamia kwa jirani.

"Wawili wachekeche magunia yote asubuhi, chini ya feni, pua zimefungwa leso," Hashi alisema. "Vumbi likiisha nazima, mnafungua milango."

"Nakaale aguse gunia langu?" Abiba aliuliza.

Nakaale, anayekaa kando yake, hakuinua macho. "Dada, gunia lako lina mchanga mwingi hadi mwizi angekurudishia."

Abiba alicheka. Kicheko kikageuka kikohozi, nacho kikawa kirefu. Kilipokoma, alilisukuma gunia kwa Nakaale.

Siku moja kabla ya harusi, magunia yakiwa yamechekechwa na feni imezimwa, Abiba alikuwa akichambua na kujaribu nyimbo za bibi harusi. Hashi akatoka ofisini, simu mkononi.

"Mama Roba, punguza kidogo. Mteja ananiuliza kama nimefungua ukumbi."

"Washa feni, mzee," Nakaale alimwambia. "Hutamsikia."