Noti za Misinale

Kalolaine aliendesha tawi la benki ndogo mjini Neiafu, kisiwani Tonga, kwa imani moja: kwamba binadamu humtolea Mungu polepole. Zamani misinale, sadaka ya mwaka ambayo koo hushindana kuitoa, ililimbikizwa benki miezi kadhaa, ikachukuliwa kidogo kidogo. Siku hizi ilikaa kwenye simu za watoto waliohamia Auckland, ikisubiri kuona jirani atatoa ngapi.

Ijumaa ya misinale, kipaza sauti cha kanisa kilitangaza kwamba ukoo wa Moala umetoa paanga elfu nane. Vijana wa ukoo wa Fifita, waliokuwa wakitazama ibada ng'ambo, wakatuma elfu kumi kwa simu papo hapo. Moala wakajibu. Lakini meza ya kanisa haipokei simu, inataka noti. Ndipo Paongo, wakala aliyepaswa kuzigeuza pesa za simu ziwe noti, alipoingia benki, mkeka wa heshima wa kanisani umefungwa kiunoni, jasho usoni, akaipita foleni.

"Nipe elfu arobaini."

"Zimebaki thelathini, na hawa wote wanangoja akiba zao."

"Hawa ni wazee wa pensheni. Mimi nimebeba mji mzima."

"Umebeba simu, Paongo. Usijivike mji."

"Akaunti ya kampuni yetu ndiyo inayokulisha, dada. Neno moja tu, tunahamia kwingine leo hii."

Lilikuwa kweli, ndiyo maana liliudhi. Nusu ya amana za benki ilikuwa kwenye akaunti ile moja. Ili kuinusuru benki, Kalolaine akampa zote.

Bi Sulieti, aliyekuwa mbele ya foleni, akachungulia droo tupu.

"Yaani pesa yangu umempa huyu mwenye miguu ya bata?"

"Ndege inaleta nyingine Jumatatu, shangazi."

"Mungu anapokea leo. Jumatatu anapokea nani, wewe?"

Kalolaine akafunga dirisha. Mtu akalipiga picha. Kwaya haijamaliza kuimba, picha imeshafika Auckland na Sydney, chini yake neno moja: *Imefilisika*. Hakuna aliyevunja kioo. Wenye akiba walizihamisha kwa kidole gumba, wakiwa wamekaa kitako, wanakula. Jioni kampuni ya Paongo nayo ikahama, kwa sababu za usalama, ikashukuru kwa huduma nzuri.

Jumatatu ndege ilileta masanduku ya noti. Kalolaine alifungua dirisha mapema. Aliyekuja ni Bi Sulieti peke yake, kwa kuwa hakuwa na simu.

"Zote," alisema. "Na usinitabasamie."